Mbwa au paka akila sumu: usimmiminie maziwa wala mawese, fanya hivi

Jamani naomba nianze na hili kabla ya kitu kingine chochote. Ukimkuta mbwa wako anatetemeka, mate yanamchuruzika, miguu haimbebi, usikimbilie jikoni. Najua mkono unaenda wenyewe kwenye maziwa, na huku kwetu Kigoma mkono unaenda kwenye dumu la mawese, mana tangu tuko wadogo tumeambiwa mafuta yanakata sumu. Hayakati. Nimeliona kwa macho yangu na sitaki likupate na wewe.

Mwaka juzi tulikuwa na mbwa anaitwa Bosi, hapa hapa Gungu. Saa kumi na mbili asubuhi tukamkuta nyuma ya choo amelala ubavu anatetemeka, mama akapasha mawese kwenye sufuria mana yalikuwa yameganda na baridi ya usiku, mi nikashika taya, mdogo wangu akamimina kikombe kizima. Bosi hakumeza, alikuwa hana nguvu ya kumeza, mafuta yakamtokea puani mekundu vile vile kama yalivyoingia. Kufika saa nne kutetemeka kukapungua tukashukuru Mungu, tukajua amepona, kumbe kifua kimeanza kukoroma kama mtu ana maji ndani, akashinda hivo hivo na usiku wa pili akafa. Bwana mifugo alikuwa ameshakuja kumsikiliza kifua, akatuambia mafuta yameingia kwenye mapafu, na kwamba kwa alivyomuona, sumu yenyewe alikuwa anaelekea kuishinda.

Mnyama aliyekula sumu mara nyingi koo lake halifanyi kazi vizuri, kwahiyo chochote unachomimina kinaweza kwenda njia ya hewa. Hata maji. Na mafuta na maziwa yana ubaya mwingine juu ya huo, kuna sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, kwahiyo unazisaidia kuingia mwilini haraka zaidi.

Sasa cha kufanya ni hiki. Mtoe pale alipo, mpeleke mahali penye hewa na kivuli, mfungie asizunguke kwenda kula tena au kunywa maji ya mtaroni. Wengine wote waondoe, watoto, kuku, mbwa wa pili kama unaye, mana mara nyingi aliyetega hakuweka kipande kimoja. Angalia saa na uiandike hata kwenye mkono, umemkuta saa ngapi na mara ya mwisho ulimuona mzima saa ngapi. Hilo swali ndo la kwanza utakaloulizwa na watu wengi wanajibu "sijui, usiku", na jibu hilo halimsaidii daktari.

Halafu piga simu. Usisubiri uone kama atapata nafuu. Kama una namba ya daktari wa mifugo mpigie, kama huna mpigie afisa mifugo wa kata yako, ofisi ya kata wanayo namba yake, na kama napo hupati nenda duka la dawa za mifugo lililo karibu, wale wa dukani wanawajua wote wanaotibu mtaani. Watu wanasema "yule anatibu ng'ombe tu". Dawa kubwa ya sumu nyingi za kuulia wadudu ni sindano ya atropini na ni ile ile kwa ng'ombe, mbuzi, mbwa na hata binadamu, kinachobadilika ni kipimo. Kwahiyo mpigie tu.

Wakati mwenzako yuko kwenye simu, we tafuta sumu. Hapa ndo pana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, mana daktari akijua ni nini anaenda moja kwa moja kwenye dawa yake badala ya kubahatisha. Zunguka uwanja, angalia kwenye ukuta wa nyuma, chini ya michongoma, shimo la taka. Tafuta kipande cha nyama, bonge la ugali, vichwa vya migebuka, dagaa waliopakwa unga wa rangi. Paketi ukiipata usiitupe, ipige picha pande zote mbili hasa pale kwenye maandishi madogo, jina la dawa liko pale chini sio lile kubwa la mbele. Kama ametapika chota matapishi kwa kijiti uweke kwenye chupa yenye kifuniko uende nayo. Vaa glavu, huna basi funga mkono na nailoni, na ukimaliza nawa kwa sabuni, sumu nyingine zinapita kwenye ngozi.

Tatizo la kwetu ni kwamba paketi mara nyingi haina jina. Unamjua yule anayepita na kipaza sauti "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto", anauza vikaratasi na vichupa visivyo na lebo, na ndani yake inaweza kuwa kitu chochote. Kwahiyo inabidi umsome mnyama mwenyewe. Washa tochi ya simu umuangalie macho. Nilivyommulika Jeki, huyu mbwa wetu wa sa hivi, mwaka jana alipookota dagaa nyuma ya ukuta, mboni zilikuwa zimebana zimebaki kama tundu la sindano, na gizani vile zilitakiwa ziwe zimepanuka. Mate yanashuka kama nyuzi mpaka chini, machozi yanatoka, amejikojolea, anahara, na ukimshika paja unasikia nyama inachezacheza chini ya ngozi kama ina wadudu. Ukiona huo mchanganyiko, vitu vyote vinatoka maji kwa pamoja na mboni zimebana, hiyo ndo sumu ya kwanza, mara nyingi ni dawa ya kuulia wadudu, zile wanazopulizia mashambani, na wenzetu wa Tabora kwenye tumbaku wanazijua sana. Hiyo inaua haraka, inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa masaa, lakini pia ndo ina dawa yake ya uhakika, ile atropini niliyosema, daktari anaichoma na kurudia mpaka kifua na mate vikauke. Usijaribu kuchoma mwenyewe, ikizidi nayo ni sumu.

Ya pili ni unga mweusi wa kijivu wa panya, na ndugu yake ni vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Hivi vikikutana na unyevu na tindikali ya tumboni vinatoa gesi, na hiyo gesi ndo inayoua. Mnyama anatapika, tumbo linajaa, anahema kwa shida, baadae anachanganyikiwa au anashikwa na degedege. Wanasema inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, sasa kwa sisi tuliozungukwa na dagaa wanaokaushwa hiyo harufu inaweza kukupita kabisa. Na tafadhali usiinamishe pua kwenye mdomo wake kunusa, wala usimfungie chumbani au kwenye gari lenye vioo vimefungwa, akitapika ile gesi inatoka na wewe unaivuta. Weka nje, simama upande upepo unakotokea. Na hapa ndo chakula kinaua kabisa, ukimpa ugali au maziwa "apate nguvu" tumbo linatoa tindikali zaidi na gesi inaongezeka. Hii haina dawa yake maalum, daktari anachofanya ni kupunguza tindikali, dripu, na kumsaidia kupumua, kwahiyo kila dakika ina maana.

Ya tatu inadanganya kuliko zote. Ni zile sumu za panya za vidonge au punje za rangi, bluu, pinki, kijani. Mbwa anakula leo, kesho mzima anarukaruka, keshokutwa mzima, we umeshasahau. Siku ya tatu mpaka ya tano ndo unaona amepoa, hataki kutembea, anakohoa, fizi nyeupe kama karatasi, goti limevimba, choo cheusi kama lami, au damu inatoka puani. Sumu hii inazuia damu kuganda, anavuja ndani kwa ndani. Ukimuona anakula hizi usisubiri dalili hata siku moja, mpeleke siku hiyo hiyo akiwa mzima. Dawa yake ni vitamini K1 na anaimeza wiki tatu mpaka nne, pamoja na chakula kilichotiwa mafuta kidogo ndo inaingia vizuri. Watu wengi wanaacha baada ya siku tano mana mbwa anaonekana amepona, sumu bado iko kwenye ini, wiki ya pili anavuja tena na anakufa. Na usiuziwe ile vitamini K ya kuku ya kuchanganya kwenye maji, hiyo ni K3, kwa sumu hii haifanyi kazi.

Fizi ni kitu cha kujifunza hata leo mbwa wako akiwa mzima. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiijua rangi yake ya kawaida utaigundua ikibadilika. Wengine fizi zao nyeusi kwa asili, basi angalia ndani ya kope la chini.

Kuhusu kutapisha, mana najua swali linakuja. Kutapisha kunasaidia tu kama amekula muda huo, ndani ya saa moja au mbili hivi, na bado yuko timamu kabisa. Akishaanza kutetemeka, kulegea, au kupoteza fahamu, usimtapishe, matapishi yataenda mapafuni. Na kama alichokunywa ni mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, au kostiki, usimtapishe kabisa hata kama umemuona anakunywa sekunde hiyo, mana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa hatari yake kubwa ni mapafu. Kostiki naitaja kwa makusudi, nyumba nyingi hapa tunapika sabuni ya mawese na lile beseni linabaki wazi uani. Akiramba hiyo mwoshe mdomo kwa maji mengi ya kutiririka, kichwa kikiwa kimeelekea chini maji yatoke, halafu safari.

Chumvi usimpe. Maji ya chumvi kweli yanaweza kumtapisha lakini chumvi nyingi yenyewe inaua mbwa, inapandisha chumvi kwenye damu mpaka ubongo unaharibika. Vidole kooni usitie, utang'atwa na hatatapika. Maji ya sabuni hapana. Kuna hydrogen peroxide ya asilimia 3 ambayo madaktari wanaitumia kwa mbwa, lakini ngoja daktari akuambie kwenye simu kama inafaa na kiasi gani kwa uzito wa mbwa wako, na kwa paka usiiguse kabisa, inamchubua tumbo.

Na mkaa. Kuna mkaa wa dawa unaouzwa famasi, huo umetengenezwa maalum una vitundu vingi vidogo mno vinavyonasa sumu tumboni, na daktari anaweza kukuambia umpe kama anameza vizuri. Mkaa wa jikoni uliosagwa sio huo. Unafanana rangi tu. Ukimlazimisha mbwa aliyelegea kumeza unga wa mkaa wa jiko umerudi kule kule kwenye habari ya Bosi.

Akishikwa na degedege usimshike kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Ondoa vitu vya kumuumiza, zima redio, punguza mwanga, hesabu dakika. Kutetemeka sana kunapandisha joto la mwili, kwahiyo mkimshika anawaka, loweka kitenge kwenye maji ya kawaida umfunike tumbo na miguu, sio maji ya barafu.

Kama sumu iko kwenye ngozi, huyo mwoshe. Hili linatokea zaidi kuliko watu wanavyokiri, mtu anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe anaikoroga kwa macho, anamwogesha mbwa kuua kupe, au anampaka oil chafu kwa ajili ya ukurutu, nusu saa baadae mbwa amelegea. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, rudia, glavu mkononi, kausha na taulo na mzuie asijirambe. Paka ndo wako hatarini zaidi hapo, kuna dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin ambazo mbwa anapakwa anakaa vizuri na paka anakufa kwa degedege, mana ini la paka haliwezi kuivunja.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, paka hapewi Panadol. Hata nusu kidonge. Nasema hivi kwa uchungu mana binti wa dada yangu alimpa paka wake akiwa na homa, kwa mapenzi kabisa, jioni paka uso umevimba, anahema mdomo wazi, fizi zimekuwa kahawia kama chokoleti. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Ipo dawa ya kuizuia akiwahishwa, kwahiyo ukikosea usione aibu, sema ukweli umempa nini na saa ngapi. Mbwa nao dawa zetu za maumivu za nyumbani, diclofenac na ibuprofen, zinawatoboa tumbo na kuua figo.

Sasa kuna jambo moja lazima nilisimamie hapa. Mapovu mdomoni sio sumu tu, kichaa cha mbwa nacho kinaleta mate. Sumu huwa ghafla, jioni alikuwa mzima asubuhi yuko chini. Kichaa kinakuja kwa siku kadhaa, tabia inabadilika, mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, sauti inakuwa ya ajabu, hawezi kumeza, taya linaning'inia. Kama mbwa wako hajachanjwa na huna uhakika, usitie mkono mdomoni hata kidogo, na hiyo nayo ni sababu ya kuachana na habari za kumimina. Akikung'ata au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna kupona.

Usafiri, bajaji ni bora kuliko boda. Mlaze ubavu juu ya kitenge au gunia, shingo imenyooka, kichwa kishuke kidogo kuliko mwili ili matapishi yatoke nje. Usimfunge mdomo kwa kamba kama anatapika. Paka mfungie kwenye boksi lenye matundu au tenga lenye kifuniko, paka aliyechanganyikiwa akitoka kwenye bajaji katikati ya mtaa wa Mwanga hapa mjini humpati tena. Chukua paketi, chupa ya matapishi, na mtu mmoja wa kukaa naye nyuma amwangalie kifua.

Jeki tulimfikisha ndani ya dakika arobaini hivi tangu nimuone. Hatukumpa kitu. Mama alisimama mlangoni na kikombe mkononi, akaniangalia, akakirudisha ndani. Daktari aliangalia picha niliyopiga, akaangalia macho, akachoma, akasubiri, akachoma tena, na mimi nikawa naangalia ule uzi wa mate unavyokuwa mwembamba mpaka ukakatika. Alikaa kwenye dripu siku mbili, siku ya tatu akala uji.

Kwa walioko mbali, vijiji vya mwambao ambako mpaka upate boti, mambo ni magumu zaidi na sitawadanganya. Piga simu hivyo hivyo, mtumie daktari video fupi ya mnyama na picha ya paketi kwa WhatsApp, afanye maamuzi kwa anachokiona. Wakati unasubiri mlaze ubavu, mgeuze kila baada ya muda, mpe kivuli na utulivu. Akiweza kusimama na kunywa mwenyewe muwekee maji, anywe kwa hiari yake, isipokuwa kama unashuku ule unga wa kijivu au vidonge vya mahindi, hapo muulize daktari kwanza. Na afisa mifugo aliye kijiji cha pili mwenye atropini kwenye begi ni bora kuliko kliniki ya mjini ambayo hutaifikia leo.

Kama unaamini ametegwa, usiende kugombana usiku ule. Hifadhi ulichookota, picha zenye tarehe, na maelezo ya daktari kwa maandishi, halafu nenda kwa mtendaji wa mtaa na polisi. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ukatili kwa mnyama ni kosa, na ukifika na ushahidi mkononi unasikilizwa tofauti na anayefika na hasira. Mwambie pia mwenyekiti atangaze mtaani, mana chambo kilichomuua mbwa wako kinaweza kuokotwa na mtoto anayetambaa.

Akifa, mzike shimo refu linalofika kiunoni, usimtupe jalalani wala ziwani, kunguru, mbwa wengine na kuku watamla na sumu itaendelea. Panya waliokufa nao wakusanye kila asubuhi uzike, paka anayeokota panya wa sumu mara kwa mara naye anaumia. Matapishi yaliyobaki chini chota na udongo wake, fukia humo humo. Sisi baada ya Jeki tulizunguka uwanja siku tatu mfululizo, mimi na mdogo wangu, tunapekua majani kwa fimbo, na siku ya pili tukapata dagaa wengine wanne chini ya mwembe, wameshikana, wana unga.